Sura ya Sita: Mizigo Mitatu ya Vitabu

Henry Morton Stanley alipoondoka Bagamoyo Novemba 1874, vitabu vyake peke yake vilikuwa mizigo mitatu. Katika misafara ya bara mzigo ulikuwa na kipimo chake: mpagazi alitwikwa ratili 60, pengine 70, yaani kuelekea frasila mbili. Vitabu vya Stanley vilifika ratili 180, kama kilo 82 za leo. Kwa hiyo wanaume watatu, kila kambi ilipovunjwa alfajiri, waliinama wakajitwika karatasi za mtu mwingine, wakaingia mstarini nyuma ya kirangozi.

Baadaye Stanley aliulizwa alichukua vitabu gani kuvuka Afrika. Alijibu kwamba alianza na vingi, lakini kadiri watu wake walivyopungua kwa njaa, vita na maradhi, ndivyo alivyovitupa kimoja kimoja kwa shingo upande. Zilipobaki maili zisizotimia 300 kufika Bahari ya Atlantiki alikuwa na vitano tu: Biblia, Shakespeare, Sartor Resartus ya Thomas Carlyle, kitabu cha ubaharia cha Norie, na kalenda ya nyota ya mabaharia ya mwaka 1877. Kisha Shakespeare akaingia motoni. Kwa maelezo ya Stanley mwenyewe, watu wa kingo za mto Kongo walilishuku daftari lake la kumbukumbu kuwa ni uchawi wakataka lichomwe, naye akawatolea Shakespeare, kwa kuwa vilifanana kwa umbo. Mbele kidogo Carlyle, Norie na kalenda navyo vikatupwa. Alifika Boma Agosti 1877 na Biblia basi.

Stanley ana kesi nyingi mbele ya historia, na sura hii haizisikilizi. Ninachotaka kwake ni orodha yake, maana ni moja ya orodha chache za kusoma ambazo tunajua zilivyoanza na zilivyokwisha. Nyingine tunazijua mwanzo tu. Mtu huandika Januari vitabu 24, au 52 kama amesikia kuna watu wanaomaliza kimoja kila juma, akaibandika ukutani. Ukimuuliza Machi, anakuuliza habari za nyumbani.

Mtu huyo hana uvivu. Amekosea kutwika: ameandika vitabu bila kuandika wabebaji. Msafarani hapakuwa na kitabu cha bure. Kila ratili 60 za karatasi zilikuwa na bega chini yake, bega hilo lilikuwa na posho yake, na posho ilinunuliwa kwa vitambaa na shanga ambavyo navyo vilibebwa na bega jingine. Aliyeongeza kitabu aliongeza mtu, na aliyeongeza mtu aliongeza tumbo. Ndiyo maana orodha ya Stanley ilisema kweli mwishoni kuliko mwanzoni. Ya mwanzo aliipanga akiwa Uingereza, ameshiba. Ile ya vitabu vitano ilipangwa na njia. Tazama kilichopona humo: viwili vya kumwambia yuko wapi duniani, na vitatu ambavyo mtu anaweza kuvirudia bila kuvimaliza. Riwaya ya kusomwa mara moja ikasahaulika, kama ilikuwamo, ilishaachwa vichakani.

Simu zetu zimeondoa uzito wa karatasi, na orodha zikavimba hapohapo. Kitabu cha kurasa 600 na cha kurasa 60 vinakaa sawasawa kwenye simu, havilemei mfuko wala havitaki posho. Lakini bega ni lilelile, nalo ni saa ile ya siku ambayo una mwanga, una utulivu, na hakuna anayekuita. Orodha yoyote ianzie hapo. Kabla hujaandika jina la kitabu hata kimoja, andika saa zako.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la nne. Kurasa 10 kwa siku, siku tano za juma, ni kurasa 50. Kitabu cha kawaida cha kurasa 250 kinakwisha kwa majuma matano. Toa majuma mawili ya mwaka kwa sikukuu na misiba, yanabaki 50: vitabu 10. Anayeandika 52 amejipa watu watano kuwabebea mzigo, na watu hao hawapo.

Hata hiyo 10 imechukulia kwamba majuma yote yanafanana. Choma hayafanani. Choma cha Nkola iko wilaya ya Igunga, upande wa kaskazini-mashariki wa mkoa wa Tabora, nchi ya pamba, mpunga na ng'ombe, na mwaka wake unatawaliwa na mvua inayoanza Novemba na kukoma Aprili. Novemba na Desemba watu wanapanda. Januari na Februari ni palizi, na mtu aliyeshinda ameinama na jembe hana kurasa 10 za jioni. Ana kurasa mbili na usingizi. Mei pamba inavunwa na kupelekwa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kila mtu ana haraka na fedha yake. Ni kuanzia Juni au Julai, kazi za shamba zikiisha kupungua, ndipo jioni zinakuwa za mtu mwenyewe, mpaka mawingu yarudi. Mwalimu wa shule ana kalenda yake nyingine, ya mitihani na likizo, na mwenye duka ana ya mnada. Lakini wote wana miezi minono na miezi mikonde, na sijaona orodha ya kuchapwa, ya kununuliwa wala ya kuigwa, iliyowahi kujua mwezi mkonde wa mtu mwingine ni upi.

Basi mtu wa Choma akitaka vitabu 10, asivigawe kimoja kimoja kwa kila majuma matano kama mshahara. Avipange kwa msimu. Wakati wa palizi aweke vyembamba vinavyokatika vipande: diwani ya mashairi, tamthilia inayosomwa onyesho moja kwa usiku, kitabu cha insha. Vile vinene avihifadhi mpaka kiangazi. Misafara yenyewe ilijua hivyo. Iliyotoka pwani haikupita Unyanyembe, nchi ya Wanyamwezi palipo Tabora, moja kwa moja. Wapagazi Wanyamwezi walikuwa wamefika kwao, wanalipwa wanakwenda kuangalia mashamba, na mwenye mali anakaa majuma mengi Tabora akitafuta wengine kabla ya kushika njia ya Ujiji au ya Karagwe. Wageni wa Kizungu walilalamika sana katika vitabu vyao juu ya ucheleweshaji huo. Hawakuona kwamba bila mapumziko hayo msafara usingefika.

Richard Burton alikuwa mmoja wa waliolalamika. Yeye na John Hanning Speke walifika Kazeh, palipo sehemu ya Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857. Alijua lugha nyingi kuliko vidole vyake, lakini maktaba yake ya safari, kwa maneno yake, ilikuwa haba: Shakespeare, Euclid, na vingine vichache. Anasema yeye na Speke walivisoma pamoja, tena na tena. Nimewahi kuona watu wakicheka wakisikia Euclid. Nani anasoma jiometri porini? Lakini mtu asiyeweza kubeba vitabu 20 hufanya vizuri kubeba kimoja ambacho kila ukurasa wake unamtaka akae, achore, akosee, afute. Kitabu cha mafumbo ya hesabu, kitabu cha sarufi, Qurani na tafsiri yake, msahafu wowote unaosomwa kwa kurudiwa: vya namna hii havina budi kuwa kimoja au viwili katika kila orodha, na visihesabiwe kati ya vile vya kumalizwa.

Nalipenda pia hilo neno "pamoja". Burton na Speke walikuja kugombana vibaya, ugomvi uliodumu mpaka kifo cha Speke mwaka 1864, lakini njiani walisomeana. Nyumba nyingi za Choma zina mtoto wa sekondari anayetakiwa kusoma riwaya na tamthilia za mtihani. Mzazi akisoma kitabu hichohicho juma hilohilo, mzigo wa mtu mmoja umebebwa na wawili, na nakala ni moja.

Huko Kazeh Burton alipokewa na Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu wa Oman aliyeanza maisha Muscat akiuza vitu vitamu, akaja bara, akatajirika kwa pembe za ndovu na kwa kuuza watu. Utajiri huo una damu na sitaupaka sukari. Burton, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu, anaandika kwamba mtu huyu alikuwa amesoma sana, na kwamba alisoma apate faida, si kujiburudisha tu, tena alikuwa na kumbukumbu ya ajabu. Ndiye aliyemsaidia kukusanya msamiati wa Kiswahili, Kizaramo na Kinyamwezi. Hivyo Tabora ilikuwa na msomaji hodari kabla ya mzungu wa kwanza kufungua sanduku lake la vitabu, na usomaji wa mtu huyo ulikuwa na kazi: alikuwa na maswali. Orodha nyingi zinazokufa zimeundwa kwa majina ya vitabu tu, bila swali hata moja linalovifunga pamoja. Mwenye swali, hata dogo, mfano "watu wa kwetu walipita wapi kwenda pwani, na walirudi na nini?", hahitaji kulazimishwa kufungua kitabu cha pili.

David Livingstone alisoma katika njia hiihii kwa namna nyingine kabisa. Alisoma akiwa amekwama. Kule Manyema, magharibi ya Ziwa Tanganyika, vidonda vya miguu vilimlaza Bambarre miezi kadhaa kuanzia katikati ya 1870. Oktoba 1871 aliandika kwenye shajara yake kwamba alipokuwa Manyema alisoma Biblia nzima mara nne. Karatasi nazo zilimwishia. Mwaka 1871, huko Nyangwe, alichukua gazeti kuukuu la Standard la London akaandika juu yake. Maandishi ya chapa yanakwenda hivi, ya mkono wake yanakatiza yale ya chapa, na wino aliutengeneza kwa mbegu za mmea wa hapo. Gazeti likachujuka, wino ukafifia, na kwa zaidi ya miaka 100 sehemu kubwa ya alichoandika haikusomeka, mpaka wataalamu walipozipiga picha kurasa hizo kwa mianga ya rangi mbalimbali na kuyaweka maneno yake hadharani mwaka 2011. Nalitaja gazeti hilo kwa ajili ya wale wanaosema hawaandiki chochote juu ya vitabu wanavyosoma kwa kuwa hawajapata daftari zuri.

Alipokutana na Stanley Ujiji, wawili hao walirudi pamoja Unyanyembe, wakafika Februari 1872. Tarehe 14 Machi Stanley akaondoka kwenda pwani kumtafutia watu na vifaa. Livingstone akabaki kwenye tembe la Kwihara, kilomita chache nje ya Tabora mjini, ambalo leo ni makumbusho, akisubiri mpaka 25 Agosti. Zaidi ya miezi mitano ya kusubiri. Shajara ya majuma hayo inamwonyesha akisoma kilichomfikia. Alisoma safari za Mungo Park huko Afrika Magharibi. Alisoma pia kitabu cha E. D. Young kuhusu msafara uliotumwa miaka mitano kabla kumtafuta yeye mwenyewe, Livingstone. Kitabu cha namna hiyo hukipangi. Kinakuja.

Ndiyo maana katika kila orodha naacha nafasi tupu, kama robo hivi. Choma vitabu haviji kwa kupangwa. Vinaletwa na kijana aliyerudi likizo kutoka chuo, na padri aliyehamishwa anayepunguza mizigo, na jirani aliyefungua sanduku la marehemu babake. Tabora ilikuwa na kiwanda chake cha vitabu, T.M.P. ya wamisionari wa Kipalapala, kilichochapa vitabu vya Kiswahili kwa miaka mingi. Usishangae kukikuta kimoja, jalada limekatika, chini ya rundo la madaftari ya mwalimu mstaafu. Mwenye orodha iliyojaa pomoni anamwambia mtu huyo "nitakisoma baadaye", na kitabu kinafungia maandazi. Mwenye nafasi tupu anakichukua siku hiyohiyo.

Watu 57 aliowatuma Stanley walipofika Kwihara, kati yao alikuwamo Jacob Wainwright. Alikuwa Myao, aliyekombolewa utotoni kutoka kwa wafanyabiashara wa watumwa na kusomeshwa Nasik, India. Livingstone alipokufa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, Wainwright ndiye aliyechonga jina lake na tarehe kwenye mti, na ndiye aliyeandika shajara ya safari ile ya kuibeba maiti mpaka Bagamoyo, wakipita hapahapa Unyanyembe Oktoba ya mwaka huo. Alikwenda nayo mpaka Uingereza. Mwishowe alirudi bara, akafa Urambo mwaka 1892. Huwa namkumbuka ninaposoma zile hesabu za mizigo, maana katika mstari wa wapagazi, wanaotajwa kwa idadi kama marobota ya kitambaa, alikuwamo mtu mwenye kalamu.

Sasa tupange orodha moja ya kweli, ya msomaji wa Choma mwenye lile swali la watu wa kwetu na njia ya pwani. Sifa ninayoitafuta ni vitabu vinavyopokezana, hiki kikikufikisha mahali, kingine kikupokee hapo. Orodha ya majina makubwa yasiyojuana huchosha hata kama kila kitabu ni kizuri, kwa sababu kila mara unaanza safari upya kutoka ufukweni.

Ningeanza na Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 kwa jina la Paradise. Ida Hadjivayanis aliitafsiri, na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wakaitoa 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Tuzo ya Nobeli. Kijana Yusuf, aliyewekwa rehani kwa deni la babake, anachukuliwa kwenye msafara wa tajiri Aziz kuelekea bara. Inasomwa haraka, na mwanzo wa orodha unataka kitabu kinachojisukuma chenyewe. Ukitoka humo, ingia Safari za Wasuaheli, mkusanyiko uliochapishwa Ujerumani na Carl Velten mwaka 1901, na usome simulizi la Selemani bin Mwenye Chande, mtu wa pwani aliyekwenda bara kufanya biashara akaeleza kwa Kiswahili chake kilichompata. Hapo utasikia kwa sauti ya mwenyewe yale ambayo riwaya imeyatunga: njaa, hongo kwa watemi, mali inayoyeyuka njiani. Kiswahili chake ni cha zamani kidogo, kurasa tano kwa siku zinatosha. Kitabu cha umri huo kimekwisha muda wa hakimiliki, na nakala ya picha hupatikana mtandaoni bila malipo; kama bando ni tatizo, pakua siku utakayokwenda Igunga kwa shughuli nyingine.

Kinachofuata ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyoyatunga mwenyewe kwa Kiswahili kabla ya kufa Zanzibar mwaka 1905. East African Literature Bureau walikitoa pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya Whiteley. Hapa Choma na Tabora si ugenini. Babake Tippu Tip, Muhammed bin Juma, alikuwa mkubwa Unyanyembe na alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Ugomvi wa kurithi kiti baada ya Fundikira, uliomwinua na kumwangusha Mnywa Sere, unapita katika kurasa hizo, na ndio ugomvi uliomuua Snay bin Amir, yuleyule msomaji wa Kazeh. Tippu Tip ana majivuno, anahesabu pembe kuliko watu, na msomaji asiyemkasirikia popote hajasoma vizuri. Lakini anasimulia kwa kasi ambayo waandishi wengi wa leo wangeitamani.

Kisha umsikilize wa upande wa pili. J. B. Kabeya aliandika Mtemi Mirambo, kitabu kidogo cha Kiswahili juu ya mtemi wa Urambo aliyeifunga njia ya Waarabu katika vita vya kuanzia 1871, ambaye Stanley alipigana naye mwaka huo na kuchanjiana naye udugu mwaka 1876. Akafa 1884. Kitabu ni chembamba, kinaweza kuwekwa hata kwenye mwezi wa palizi. Nacho si rahisi kukipata dukani, kwa hiyo hapa ndipo maktaba inapohitajika. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania ina maktaba yake Tabora mjini. Kutoka Choma hiyo si safari ya kwenda kwa kitabu kimoja. Andika majina ya vile unavyovitaka vyote, mpe mtu anayekwenda mjini aulizie kwanza kama vipo, ndipo uende.

Cha tano, Juliasi Kaizari, nimekiweka kwa makusudi mwezi Januari. Yule Shakespeare aliyepita Kazeh mikononi mwa Burton, na mwenzake aliyechomwa Kongo miaka 20 baadaye, alirudi Tabora kwa mlango mwingine. Julius Nyerere alisoma Shule ya Serikali ya Tabora kuanzia 1937 mpaka 1942, akaenda Makerere, akarudi kufundisha St. Mary's, Tabora, toka 1946 hadi 1949. Akiwa Makerere alimsoma John Stuart Mill juu ya utumwa wa wanawake akaandika insha akiyapima mawazo hayo kwa maisha ya Wazanaki wa kwao. Yaani alisoma na swali mkononi. Mwaka 1963, akiwa Rais, alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar. Akairudia, ikatoka tena 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, mwaka uleule na Mabepari wa Venisi. Sijui usomaji wa polepole kuliko wa mfasiri. Hawezi kuruka mstari, hawezi kujifanya ameelewa. Rais wa nchi changa aliona ana muda wa kusoma kitabu kimoja kwa namna hiyo, kisha akakisoma tena miaka sita baadaye ili kukisahihisha. Mtu wa kawaida hahitaji kutafsiri Shakespeare, lakini kitabu kimoja kwa mwaka kisomwe na kalamu: nakili aya iliyokukwama, ijibu, igeuze Kisukuma au Kinyamwezi umsomee bibi uone kama inasimama. Onyesho moja kwa usiku, mvua ikinyesha juu ya bati, sauti ya juu.

Utaona hivyo ni vitano, na bajeti yetu ilikuwa 10. Toa viwili kwa zile nafasi tupu, na kimoja kwa kitabu cha kurudiwa, kile cha aina ya Euclid, ambacho hakimalizwi lakini kinakula saa zake. Viwili vinavyobaki ni vya kitabu kimoja chenye juzuu mbili, nitakifikia.

Kwanza kuacha. Stanley alivitupa vitabu kwa sababu watu wanakufa, sisi hatuna kisingizio kikubwa hivyo, na labda ndiyo maana tunaona haya. Kitabu kinachokwama katikati huziba njia nzima: hukisomi, na hujipi ruhusa ya kusoma kinachofuata, mwezi unapita. Weka mpaka. Wangu ni kurasa 50 kwa kitabu cha kawaida. Nikifika hapo bado najisukuma, naandika kwenye orodha tarehe na sababu kwa maneno machache, "lugha nzito", "nilitaka habari za Wanyamwezi, kinasema habari za magavana", halafu nampa mtu mwingine. Sababu ziandikwe, maana baada ya mwaka zinakuwa zenye kusomeka kuliko orodha yenyewe. Ukikuta vitabu vitatu vimeachwa kwa sababu ileile, swali lako ulilianza vibaya, au ulikuwa unasoma kwa ajili ya macho ya watu.

Kitabu ulichokiazimisha nacho kiandikwe, jina la mtu na siku, mbele yake akiona. Bila hivyo urafiki unakwisha na kitabu hakirudi. Na ulichoazima wewe kipande juu kwenye orodha kuliko ulichonunua, hata kama hakikuwa zamu yake, kwa sababu cha kwako kitakungoja.

Ile nafasi ya juzuu mbili ni ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akakaa na muswada miongo kadhaa bila mchapishaji, akautafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House wakakitoa 1980. Kitereza alifariki 1981 bila kuzishika nakala zake mkononi. Ni kitabu kirefu cha ndoa, kilimo, uvuvi, uganga na pombe, cha watu wa ng'ambo ya Usukuma, kisichokuwa na haraka kabisa, na msomaji wa Choma atakuta mambo mengi anayoyajua kwa majina mengine. Ukikipangia kurasa 10 kwa siku wakati wa palizi utakiacha, na utakionea. Kianze Julai. Juzuu ya kwanza ikiisha pumzika, soma kitu kingine chembamba, kisha shika ya pili Septemba. Mvua zikianza kabla hujamaliza, weka alama mwisho wa sura uliyofikia na uandike kwenye orodha ya mwaka mpya, mstari wa kwanza wa Julai, namba ya ukurasa.